Upinde wa Ratili Kumi na Nane

Vibano ishirini na saba, Jerneja amevihesabu,
vimeng'ata tangu jana jioni
na gundi imetoka jasho.

Ndani ni mwanzi, kwa ajili ya wepesi.
Mgongoni na tumboni mcheri ulioangushwa na theluji ya Machi,
wenye wekundu wa ufizi.
Mshikio ni mjozi, ubao wa kitanda cha bibi yake,
una tundu la skrubu. Hakuliziba.

Vinko, mumewe, aliuliza: urembo wa nini,
mshale una macho?
Hakumjibu. Alishika randa.

Samaki mkunje angali mbichi, sawa,
lakini mti huu mkavu, unabembelezwa,
unywele kwa unywele, kwa kigae cha chupa,
mpaka mabawa yote mawili yainame sawa
mbele ya ugwe.

Zamani alivuta ratili arubaini.
Kisha daktari wa Ljubljana akalifungua bega,
akalishona, akaandika:
usinyanyue hata ndoo.

Leo, nyuma ya zizi, ukungu ungali bondeni,
ameuvuta.
Kumi na nane tu.
Mshale umezama kwenye nyasi, mbali na shabaha,
na bega
halikusema kitu.