Wingu Lisilo na Nuru

Glentrool, saa saba usiku. Viwiko juu ya boneti
ya gari la Elspeth, bado ina vuguvugu la safari.
Darubini inatetemeka kwa mapigo ya moyo wangu;
kila nyota inaandika mkwaruzo wake na kuufuta.

"Usitafute kitu," ananiambia. "Wingu lenyewe ni jeusi.
Tafuta mahali nyota zinapokatika."
Rahisi kusema. Mimi nimelelewa kutafuta taa.

Naanzia nyota ya rangi ya chungwa, nasogea kulia kidogo,
pumzi inaziba vioo, nafuta kwa ncha ya skafu.
Vumbi la nyota, vumbi, vumbi tena.
Kondoo anakohoa gizani kama mtu mzima.

Kisha natazama kando, kwa pembe ya jicho,
kama umtazamavyo mdai wako sokoni,
na pale, sekunde mbili labda,
pengo:
meno matatu ya kitana
yaliyochovywa wino.

Nikikaza macho, limekwenda.
Elspeth anauliza, umeliona?
Nasema ndiyo. Halafu, nadhani.
Halafu namwomba asiwashe gari bado.