Kilo Nne

Niliingia stoo kutafuta bati la kuzibia banda la kuku.
Nyuma ya magunia, chini ya kitanda kisicho na chaga,
tufe lilikuwa limekaa pale pale nilipoliacha
mwaka aliozaliwa Lugwisha,
na Lugwisha sasa ana ndevu.

Panya walikuwa wamelizungushia kiota cha katani.
Nikapuliza. Nikalifuta kwa upindo wa kanga,
kanga ikabaki na rangi ya chai iliyolala.

Nisiseme uongo, miaka yote hiyo halikukaa bure:
mama mkwe alikandamizia mfuniko wa pipa la mahindi,
mafundi walizuilia mlango,
na mwaka wa mvua ile kubwa lilishikilia turubai
juu ya madaftari ya watoto.
Kilo nne hazichagui kazi.

Lakini mimi nililijua kwa shingo.

Shingo, siyo mkono. Mwalimu Butogwa alikuwa akisema:
"Nkwimba, hili si jiwe la kufukuzia ngedere.
Tufe halitupwi, linasukumwa.
Lilaze chini ya taya, litulie, halafu lisukume
kama mgeni aliyekataa kuaga."

Uwanja wa Nyamagana, duara la chokaa, miguu peku:
mita kumi na moja na sentimita arobaini.
Walinipa ndoo ya plastiki na makofi.
Ndoo ilipasuka kabla ya Pasaka.
Namba haijapasuka.

Basi jana, saa kumi, nyumbani hakuna mtu,
nikapanda juu ya jiwe letu hapa Mabatini,
lile tunaloanikia dagaa,
nikafunga kanga kiunoni, nikatazama kushoto na kulia
kama mtu anayeiba kuku wake mwenyewe.

Taya likalitambua. Baridi ile ile.
Vidole vikajipanga vyenyewe, hata kile kilichowahi kuvunjika.
Goti ndilo halikupewa taarifa.
Nikageuka nusu, nikasukuma, goti likasema lake,
na tufe likaenda (nitataja tu) hatua nne,
likagonga mwamba, ko!
likafikiri kidogo,
likashika njia ya mteremko.

Mnazijua njia zetu za mlimani: ngazi, mfereji, ngazi.
Likashuka moja moja, kwa adabu,
likampita fundi cherehani na uzi mdomoni,
likapita kwa Kabula wa mkaa,
bata wakaachia njia,
hadi kule bombani, ambako maji hayajatoka tangu Jumanne
na madumu ya njano yanapanga foleni badala ya wenyewe.

Yalianguka saba.
Niliyahesabu nikiwa nimekaa chini, goti mikononi:
saba, kwa kelele ile ya debe tupu,
na la nane likayumba,
likayumba,
likakataa.

Aliyepanda nalo ni Bi Ng'washi,
amelipakata kama mtoto wa mtu mwingine.
Nilikuwa tayari kwa matusi na kwa bei ya dumu lililopasuka
(elfu nne, nimeshalipa, elfu kwa kila kilo).
Lakini alikuwa hataki kuliachia.
Alilihamisha kiganja hadi kiganja,
mwanamke wa miaka sitini na mbili, mpika maandazi,
viganja vyenye unga mpaka kwenye mistari,
akauliza chinichini, watoto wasisikie:
"Hili linashikwaje?"

Nikamwonyesha shingo yangu.

Usiku, kwenye taa, Lugwisha akaniuliza
hicho chekundu chini ya taya ni nini.
Kutu, nikamwambia.
Akacheka sana. Alidhani nautania umri wangu.

Sikunawa.
Na banda la kuku bado lina tundu.