Itifaki Imezingatiwa

Meza tatu za kuongozea taa, ukumbi mmoja, Malindi,
saa tisa alasiri, feni mbovu.

Ya kwanza Mtaliano. Tulimnunua mnadani
hoteli ya Casuarina ilipofunga milango.
Ana chumvi kwenye maungio, ana kitufe kilichoandikwa *buio*,
yaani giza, ambacho Nyevu hukibonyeza taratibu,
maana mamake alifua mashuka kule miaka kumi na sita
na mwezi wa mwisho alilipwa neno hilo.

Ya pili Mchina, mwepesi, uso wote kioo,
kitabu chake kimetafsiriwa na mtu mwenye haraka:
"Tafadhali usimfurahishe waya kwa maji."

Ya tatu Mjerumani wa kukodi, kaja na basi la alfajiri toka Mombasa
ndani ya sanduku la chuma,
na kwa siku anakula kuliko sisi sote.

Tukawaunganisha: swichi moja, kebo nne.
Vijitaa vya kijani vikapepesa.
Maana yake, tumeonana.
Si kwamba tumeelewana.
Jukwaa giza.

"Salamu zinafika," akasema Nyevu, "majibu hayatoki."
Akachuchumaa, akasoma anwani kwa sauti
kama karani wa posta mwenye barua isiyo na mwenyewe:
Mchina anakaa mbili, sifuri, sifuri, tano;
Mtaliano anakaa kumi, mtaa wa mbali,
na kila mmoja anabisha hodi ukutani.
Tukawahamishia mtaa mmoja.
Bila hamali, bila mkokoteni. Kwa kidole.

Ndipo taa zikawaka, vibaya.
Niliomba buluu kushoto, nikapewa nyekundu kulia.
Niliagiza mwezi, ikaja nyumba inayoungua.
Mwanafunzi aliyekuwa marehemu
akainua kichwa, akauliza kama afe tena.

Saa nzima. Jasho. Chapati zimepoa juu ya gazeti.
Mpaka Nyevu akacheka peke yake:
"Huyu anahesabu kuanzia sifuri. Yule, kuanzia moja."

Basi, ndiyo hiyo tu.
Njia mia tano na kumi na mbili za taa, fungu zima,
sisi mafundi huliita ulimwengu;
na ulimwengu wa kwanza wa huyu
ni ulimwengu sifuri wa mwenzake.
Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tuliambiwa.
Hatukuambiwa upi.

Na sisi ni nani wa kushangaa?
Sisi ambao jua likichomoza tunasema saa kumi na mbili
na mgeni, chini ya jua lilelile, anasema sita.
Babangu aliikosa kazi ya bustani kwa tofauti hiyo:
aliambiwa saa nane, akafika saa nane,
mchana, shati limepigwa pasi;
lori lilikwisha ondoka saa mbili.
Hakuna aliyekosea.
Hilo ndilo lililomkereketa mpaka uzeeni.

Nikamwambia Mchina: kila usemapo sifuri, elewa moja.
Mtaliano akasukuma, Mjerumani akaitikia,
na buluu ikashuka kushoto, polepole, mahali pake,
juu ya marehemu, ambaye safari hii alikufa vizuri.

Saa kumi na mbili unusu akaingia bwana wa kaunti,
suti, orodha mkononi.
"Nani anashughulika na itifaki hapa?"
Nyevu akanyosha mkono wenye vumbi hadi kiwiko.
"Mimi. Wote wameshapata nafasi. Kila mmoja anajua anamfuata nani."
Bwana akatazama viti vya mbele, akaweka alama ya tiki, akaondoka.

Usiku huo mgeni rasmi akashika kipaza sauti, akasema
itifaki imezingatiwa,
watu wakapiga makofi ya desturi,
na sisi wawili huku nyuma, gizani,
tukapiga ya kweli.

Ila taa ya thelathini na saba.
Hiyo haikukubali meza wala mtu.
Iliwaka kijani tangu mwanzo mpaka mwisho, juu ya mlango wa pembeni.
Mwalimu wa maigizo alikuja kutushukuru kwa ile kijani.
Alisema ameielewa.