Haizimwi

Julai, Mbeya. Loleza umejifunika ukungu hadi mabegani,
na sisi masweta, zipu hadi kidevuni.
"Zipu hizo," akasema Anyelwisye, "zinabaki huku nje."
Basi mafunzo tukayaanza kwa kutetemeka.

Trei ya plastiki ikapita mkono kwa mkono.
Daktari Mwasandube akavua saa aliyopewa siku ya harusi.
Sanga wa getini akafungua mkanda,
akashika suruali kwa mkono wa kushoto siku nzima.
Subilaga alichomoa chupio kumi na moja,
akaapa zimekwisha; ikapatikana ya kumi na mbili.
Mimi nilikuwa na pini moja ya kushikiza sketi.
Niliitoa mwisho, nimegeukia ukuta.

Mle kwenye trei tulionekana wote:
funguo za vyumba vya kupanga Soweto na Uyole,
sarafu za nauli, rozari,
kiwembe cha muuguzi wa watoto, cha kuchongea penseli.

"Mnasikia nini?"
Kitu kidogo, kwa mbali, kama kifaranga ndani ya yai.
Mashine yenyewe kimya, nyeupe,
mdomo wazi kama tanuri la mkate lililopoa.
"Imezimwa," akasema Sanga.

Anyelwisye akacheka. Hapana, hakucheka, alipumua puani.
Akatoa kibanio cha karatasi kilichofungwa uzi mrefu,
akashika ncha ya uzi, akasogea hatua moja, ya pili,
na kibanio kikanyanyuka,
kikalala hewani, kikivuta uzi
kama mbwa aliyesikia jina lake.

"Haizimwi."
Umeme ukikatika, haizimwi.
Mkienda likizo Tukuyu, haizimwi.
Usiku wa Krismasi, korido tupu,
mlinzi na redio yake,
haizimwi.
"Na mtungi wa oksijeni haujui kwamba nia yako ni njema.
Utaruka. Aliyelazwa mle ndani hana pa kukwepea."

Hapo aliyetetemeka hakutetemeka kwa baridi.

Mchana, baada ya ndizi na maharage, tukafundishwa kuuliza.
Miaka tisa wodini, nilidhani najua kuuliza.
Fomu ina visanduku viwili:
Una chuma mwilini? Ndiyo. Hapana.

"Wote watasema hapana," akasema.
"Nani anajiona ana chuma?
Muulize amefanya kazi gani tangu ujana.
Kovu hilo, limetoka wapi.
Bodaboda ilimwangusha mwaka gani, na mguu ulishikizwa na nini.
Moyo wake unapiga wenyewe, au una msaidizi.
Muulize kwa lugha anayoota nayo.
Kisha muulize tena akishavua viatu;
mtu akiwa peku hukumbuka zaidi."

Tukaulizana wawili wawili, kwa aibu, kama wachumba.
Daktari Mwasandube akagundua, mbele ya Sanga,
kwamba ana risasi ya manati ya utotoni pajani,
akaigusa kwa kidole, akairudia kuigusa.

Jioni nikampigia baba, Mbalizi,
mkono mmoja simu, mwingine sketi,
maana pini niliisahau kwenye trei.
Baba amechomelea mageti miaka thelathini.
Nusu ya nyua za mtaa ule zinafungwa na jasho lake.

"Baba, una chuma mwilini?"
"Hapana, mwanangu. Chuma mimi nakiuza."

Nikanyamaza. Nikahamia Kinyakyusa.
Jicho la kushoto, nikasema, hilo linalotoa machozi
kila Julai, na wewe unasingizia moshi.
Liliingiwa na nini?

Ikapita kitambo. Nikasikia kikombe kikitua mezani.

"Aa, kile kidogo," akasema.
"Cha mwaka ule uliozaliwa.
Kile si chuma. Ni cheche tu."