Shija Apelekwe Urambo

Diski tatu mezani, bado zimo ndani ya nailoni,
na Sista Venansia mlangoni anauliza: lini?
Wajawazito wanangoja na kadi zao za karatasi,
mvua ya Machi inavuja juu ya kabati la mafaili.
Namwambia kesho. Jana pia nilimwambia kesho.

Kadi ya kusimamia diski nimeikataa.
Ni nzuri, ni ghali, na siku ikiungua
pacha wake nitampata wapi hapa Tabora?
Niagize Dar, nisubiri treni, treni isubiri reli ikauke,
na huku majina ya watoto elfu nne yamefungiwa
kwa ufunguo uliokufa.
Basi kazi hii itafanywa na programu:
seva ikizimika nang'oa diski,
nazichomeka kwenye mashine ya mhasibu Kapela,
zinasomeka. Koleo limevunjika, uhunzi unaendelea.

Limebaki swali la mpangilio.

Naweza kuzifunga zote tatu kwa hesabu:
mbili zibebe maneno, moja ibebe jumla,
zipokezane zamu,
na moja ikianguka zilizobaki ziulizane:
jumla ilikuwa kumi na tatu, mimi nina tano.
Aliyepotea anajulikana kwa pengo lake.
Nafasi inakuwa kubwa. Kapela anapenda nafasi,
anahesabu kila gigabaiti kama gunia la tumbaku.
Lakini nimeshakesha usiku wa kujenga upya:
saa kumi na moja nzima diski zilizosalia
zinakimbizwa bila kupumua,
na hizi zimetoka boksi moja, duka moja, siku moja.
Wanaozaliwa pamoja huchoka pamoja.

Au mbili tu, kioo kwa kioo.
Kinachoandikwa huku kinaandikwa kule.
Nimezibandika plasta ya wodini, nimeandika kwa kalamu:
KULWA. DOTO.
Mimi mwenyewe ni Doto. Kioo nakijua.

Miaka sita, Isevya, nyumba ya bati jipya.
Kitambaa kimoja, mashati mawili.
Kulwa akijikata mguu, mama ananitazama mimi mguuni.
Siku niliyokosa shule aliitika "nipo" mara mbili,
na mwalimu Mlyansi hajajua hadi leo.
Huo ndio uzuri wake: daftari halionyeshi pengo.

Kisha ikaja surua.
Kulwa aliileta Jumatatu, Jumatano ikawa yangu.
Kioo hakiulizi kinachokijia.
Doa kwa doa, shavu kwa shavu,
na mama katikati ya vitanda viwili
hakuwa na mtoto mzima wa kumtazama
akumbuke tulivyokuwa.
Mzima alikuwa Shija, anayefuata mapacha,
yuko Urambo kwa bibi, anamenya karanga,
hajui kitu.

Hapo nikaacha kuichezea kalamu.
Karani akifuta jina kwa bahati mbaya saa nne,
Kulwa atalifuta, na Doto atalifuta, saa nne hiyo hiyo,
kwa uaminifu.
Radi ikishuka kwenye nguzo haitachagua pacha.
Na wanaosema akiba haiozi
hawajaiona diski inavyooza, herufi moja moja, kimya,
kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi:
gunzi limesimama, punje ni unga.

Kwa hiyo:
Kulwa na Doto ndani ya seva.
Doto nimemrudisha dukani, nikachukua wa Mwanza,
wasije wakachoka siku moja.
Kila Jumapili usiku programu itawapitia
mstari kwa mstari, iwaulize
kama bado wanasema neno moja.
Na Shija nje.
Kila mwisho wa mwezi atakuja, atajazwa, atalala usiku mmoja,
asubuhi atiwe kwenye kopo tupu la maziwa ya unga
aondoke na gari la chanjo.

Kapela amevua miwani.
Diski tatu, nafasi ya moja?
Ndiyo.
Amenitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi akapewa kamba.

Sista ameuliza tena: lini?
Kesho, nimesema.
Gari la Urambo linaondoka saa kumi na mbili.