Siku Aliyosahau

Babu Mchopa alibatizwa kwa ajili ya daftari.
Darasa la tano Ndanda lilitaka jina la Kikristo;
akaandikwa Bonaventura, akapewa kalamu
na kaptura iliyompita magoti.

Nyumbani jina aliliacha mlangoni pamoja na viatu.
Ramadhani alikula daku na mama yake,
akanyunyiza unga wa mtama kwa waliolala,
na Jumapili alipiga magoti,
macho kwenye saa ya padri.

"Nilikuwa naigiza," aliniambia tukibangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
"Paji, kifua, bega, bega.
Umevaa kinyago, unacheza uso wa mwenzio."

Uliamini lini sasa, babu?

Akapuliza majivu.
Mwaka ule Aurelia, ambaye angekuwa shangazi yangu,
alilazwa kwa surua.
Babu alikesha nje ya wodi. Mbu. Chemli.
Hakuona nuru, hakusikia sauti.
Kulipokucha aliikuta midomo yake inasema,
wala hapakuwa na mtu wa kumtazama.

"Nilisahau kujifanya."

Aurelia alikufa Alhamisi.
Hilo hakulieleza, nami sikuuliza.
Alinisukumia korosho nzima,
zilizovunjika akala yeye.