Kunde Kumi na Sita

Elureko, kando ya mto Nzoia, siku za misafara ya pembe

Osundwa wa Elureko, mpima maneno yangu,
Nimeketi kando yako, kwenye nyasi na ukungu,
Sijaleta sikitiko, wala sura ya uchungu,
Nimeleta kunde zangu, zihesabu mkononi.

Na msafara nikaja, karani wa pembe mbovu,
Siku tisini na moja, miguu ikawa kovu,
Sikujua kuna mja, mwenye sikio la wivu,
Asikizaye kwa mbavu, kila neno la mgeni.

Usiku wa kwanza kule, langoni palipo moto,
Nikasifu mto ule, Nzoia, maji mazito,
Wakapiga vigelele, wakubwa hata watoto,
Nawe kimya kama mto, kunde tele kiganjani.

"Bwana Kombo," ukasema, "tungo yako ina kombo,
Mizani inachechema, kama fisi mwenye tumbo,
Kumi na tano, napima, ya sita yabaki ng'ambo,
Vuka, Kombo wa makombo, ukaitoe majini."

Kicheko kikalipuka, kikavuka hata njia,
Wapagazi wakaruka, "Kombo! Kombo!" wakilia,
Tajiri naye kacheka, ndevu akizishikia,
Usiku nikarudia, kwa vidole, kitandani.

Kweli, ni kumi na tano. Mwana wa watu hakosi.
Nikauma yangu meno, nikaomba karatasi,
Nikakutungia neno, kali kushinda risasi,
Nikakuita mkosi, kupe wa masikioni.

Ukalisikiza lote, kunde moja, na nyingine,
Ukainuka, na sote, tukangoja ugombane,
"Leo," ukasema, "zote, zimetimia, tuone,
Kesho tena nitukane: hasira yako makini."

Nilipolisifu wimbi, la pwani lenye vishindo,
Ukasema, "Hapa wimbi, ni chakula cha uhondo,
Futa kwanza lako vumbi, la njia na la mwenendo,
Kisha unywe uji fundo, ndipo useme ya pwani."

Nikaunywa. Nikatunga, ya mtama na ya mwiko,
Mwanamke akisonga, moshi ukijaa jiko,
Nawe hukosi kupinga: "Mwiko si mkono wako,
Tunga kwa njaa ya kwako, siyo hii ya jirani."

Hivyo miaka ikenda, mvua juu ya mvua,
Kila nililoliunda, wewe ukalipasua,
Hukusema unapenda, hata ulipougua,
Kikohozi kikikua, ukikihesabu ndani.

Ukafa siku ya soko, bila neno la kuaga,
Nakhumicha, mke wako, kibuyu akakimwaga,
Akasema, "Hizi zako, usizipikie mboga."
Nikahesabu kwa woga: kumi na sita, jamvini.

Tangu hapo natungia, wasikizaji wapole,
Hata nikipungukia, hawaoni pengo lile,
Wao huniitikia, vyote kwao vigelele,
Sifa zao ni mchele, usioiva chunguni.

Juzi mwanao kanena, mdogo, yule Wesonga:
"Kwa nini mlibishana, miaka, kama wajinga?"
Nikatafuta maana, ulimi nikaufunga,
Nikampa kunde: "Tunga. Utamwona kiganjani."

Ile ya kwanza, ya mto, hadi leo sijaziba,
Lile pengo lake zito, nalilea kwa mahaba,
Humo nasikia wito, "Ya sita, Kombo!" Si haba.
Nakusomea, sahiba, nimezipanga nyasini:

Nzoia, mto mpana, unabeba mbingu zote,
Usiku hata mchana, huchagui, wanywa wote,
Mgeni akikuona, hukumbuka kwao kote,
Tangulia, beba vyote, ningojee ng'amboni.

Haya, hesabu. Nangoja.